Kutoka Tabora Hadi Manyovu: Kumpeleka Afisa Mpya kwa Majirani

Jumapili, Tabora

Mtoto wa kaka yangu amepata barua ya kupangiwa kazi wilayani Buhigwe, mkoa wa Kigoma, kule ambako ukipiga hatua mia mbili umeshaingia Burundi. Alinipigia simu wiki iliyopita. "Shangazi, shikamoo. Wamesema nitashughulikia pia mambo ya ujirani mwema. Hiyo kazi inafanywaje?"

Nikamwambia aje Tabora kwanza, tutaondoka pamoja. Mimi nimestaafu, lakini kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mwandishi wa mihtasari katika vikao vya ujirani mwema, upande wetu na wenzetu wa Burundi. Nilikaa mwisho wa meza. Anayekaa mwisho wa meza hana cha kusema, kwa hiyo anapata nafasi ya kutazama watu.

Leo jioni nimempeleka kuliona Boma la Mjerumani. Tumelitazama kutoka barabarani tu, kwa kuwa eneo ni la jeshi. Nimemleta hapa kwa sababu hadithi ya watawala wawili majirani waliolazimika kufanya kazi pamoja katika nchi hii inaanzia Tabora, na inaanza kwa ugomvi.

Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur, liliingia mjini hapa. Waingereza nao walikuwa wanateremka kutoka upande wa Ziwa Viktoria chini ya Jenerali Crewe, wakakuta wenzao wamewatangulia. Wote walikuwa upande mmoja wa vita, lakini Tabora ndiyo ilikuwa kitovu cha reli ya kati, na Mwingereza hakupenda kuiona mikononi mwa rafiki. Maneno yakawa mengi kati ya London na Brussels. Mwezi Februari 1917 Mbelgiji akauacha mji.

Basi ona kilichofuata. Haikupita miezi miwili, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Wintgens kikachomoka kusini na kupanda kuelekea Tabora, na Waingereza hawakuwa na askari wa kutosha wa kukifukuza. Mwezi Aprili mkuu wa majeshi yao, Jenerali Hoskins, akaenda Ujiji kukutana na Kanali Huyghé, kamanda wa Wabelgiji, kuwaomba warudi. Mwezi uliofuata Wintgens, akiwa hoi kwa homa, akajisalimisha kwa Wabelgiji wale wale walioambiwa mwanzoni mwa mwaka kwamba kazi yao imekwisha.

"Kwa hiyo shangazi unaniambia nisimfukuze jirani?"

Nilimwambia kwamba jirani atamhitaji siku asiyoijua, na siku hiyo itamkuta vile walivyoachana mara ya mwisho. Hoskins alibahatika kwa kuwa Huyghé alikubali kukaa naye. Katika vikao vyangu nimeona wasiokubali.

Na kuna watu ambao makamanda hawa wote wawili hawakuwauliza neno. Mizigo ya vita ile ilibebwa na wapagazi, makumi ya maelfu kwa makumi ya maelfu, Wanyamwezi, Waha, Warundi, watu wa Kongo, na wengi hawakurudi makwao. Nilimtaka kijana azunguke Boma lile kwa macho akiwa na hao kichwani.

Usiku tuko stesheni. Treni imechelewa. Watu wamelala juu ya mabegi.

Jumatatu, ndani ya treni

Kumekucha tukiwa tumeshapita Kaliua. Madirishani ni miombo mitupu, na hapa na pale mizinga ya nyuki imening'inia juu ya miti. Mbele yetu ameketi mama mmoja wa Kigoma anayerudi na madumu manne ya asali, na pembeni yake mfanyabiashara wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, ambaye Kiswahili chake ni kile cha Kongo, kitamu, chenye "tunaenda kuona" na "ile mambo". Wameshapatana kugawana eneo la mizigo. Mama anashika kona ya juu, bwana anashika chini ya kiti. Kijana wangu aliwaangalia muda mrefu.

Reli hii Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kilomita zaidi ya 1,200. Ng'ambo ya ziwa, Wabelgiji nao walifikisha reli yao Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwaka 1915. Ukiziweka kwenye ramani utaona njia moja iliyokatwa na maji. Mashariki ya Kongo yote, pamoja na Ruanda na Urundi, mlango wao wa karibu wa bahari ulikuwa huu tunaopita. Ndiyo maana mtawala wa upande ule na wa upande huu hawakuwa na hiari ya kutojuana.

Tukafika Nguruka. Nilinunua karanga na mayai ya kuchemsha, na treni ikakaa pale kuliko ilivyopaswa, nikapata nafasi ya kumweleza habari ya Milner na Orts.

Vita vilipokwisha, Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikaa wakapatana, tarehe 30 Mei 1919, nani achukue nini katika nchi iliyokuwa ya Mjerumani. Wabelgiji kwa kweli walitamani kuitumia ardhi waliyoiteka kama kitu cha kubadilishana, wapate ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo uliokuwa wa Wareno. Haikuwezekana. Wakabaki na Ruanda na Urundi, na Tanganyika ikawa ya Mwingereza. Lakini Milner alitaka pia nafasi ya kupitisha reli ya kutoka Cape hadi Cairo, kwa hiyo Gisaka, sehemu ya mashariki ya Rwanda, ikakatwa na kutiwa upande wa Waingereza. Mwami Musinga akapoteza kipande cha ufalme wake kwa ajili ya reli ambayo haijajengwa hadi leo. Malalamiko yakawa makubwa, wamisionari nao wakapiga kelele, na mwisho wa 1923 Gisaka ikarudishwa. Bugufi, iliyokuwa ya Urundi, haikurudishwa. Ndiyo sehemu ya Ngara ya leo.

Kama ungesoma mkataba huo kama mtu wa ofisi, ungesema ni kazi safi. Mabwana wawili wanaoheshimiana, lugha ya adabu, mstari umechorwa, hakuna risasi iliyopigwa. Mimi nimeandika mihtasari mingi yenye adabu hiyo, na najua kwamba ukurasa unaweza kuwa safi kwa sababu tu wenye shida hawakuwa chumbani. Nilimwambia kijana: ukiingia kikaoni, hesabu kwanza ambao hawapo.

Malagarasi tumeivuka mchana. Maji mapana, ya udongo, mitumbwi miwili imelala kwenye matete. Uvinza tumeona chumvi kwenye viroba kandokando ya reli. Kigoma tumeingia jioni ziwa likiwa limeshageuka rangi ya shaba, na upande wa pili milima ya Kongo inaonekana kama imechorwa kwa mkaa.

Jumanne, Kigoma mjini

Stesheni ya Kigoma ni jengo jeupe la Wajerumani linalotazama ziwa. Ukitoka mlangoni, bandari iko hatua chache. Tulisimama hapo asubuhi nzima, maana hapa ndipo penye kisa ninachotaka kijana akibebe hadi Buhigwe.

Wabelgiji waliishika Kigoma tangu Julai 1916. Tabora waliiacha mapema, lakini Kigoma na Ujiji walizikabidhi Machi 1921, na hata hapo hawakuondoka mikono mitupu. Tarehe 15 Machi 1921 Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mkataba wa usafirishaji. Ubelgiji ikapewa maeneo yake mawili, moja bandari ya Dar es Salaam na jingine hapa Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Watu waliyaita Belbase. Mzigo wa Kongo, Ruanda na Urundi ukishushwa Dar es Salaam uliingia eneo la Mbelgiji, ukapanda treni ya Mwingereza, ukafika eneo la Mbelgiji Kigoma, ukapanda meli, bila kulipa ushuru wa Tanganyika.

Tulimkuta mzee mmoja aliyekuwa mchukuzi bandarini, na baba yake kabla yake. Anakaa chini ya mwembe, ana kofia ya kiua iliyofifia. Tukamwamkia, akatukaribisha kwenye benchi. Nikamwuliza baba yake alisimulia nini kuhusu mzigo wa Wabelgiji.

"Baba alisema mzigo ule ulikuwa na macho," akasema. "Unaubeba lakini hujui ndani kuna nini. Umefungwa waya, na lakiri nyekundu juu yake. Karani wa huku anahesabu masanduku, karani wa kule anahesabu masanduku. Hesabu zikiwa sawa wanapeana mkono. Zisipokuwa sawa, wote wawili wanamgeukia mchukuzi."

Akatuonyesha kwa vidole ukubwa wa ile lakiri, kama sarafu. Kisha akaongeza kwamba baba yake alijifunza kuhesabu kwa Kifaransa kwa ajili hiyo tu, ili hesabu inapotamkwa ajue kama ni yeye anayetajwa. Alituhesabia hadi kumi, polepole, namba za baba yake aliyefariki zamani. Kijana wangu aliandika.

Nataka niseme wazi ninavyoona. Mfumo ule ulifanya kazi. Wakubwa waliousaini London hawakuwa na uwezo wa kuuendesha. Uliendeshwa na makarani wawili waliohesabu sanduku lile lile, kila mmoja kwa kitabu chake, siku baada ya siku, na mabwana shauri, maofisa wa serikali wa wilaya, waliojua kwamba sanduku moja likipotea leo, kesho barua itatoka Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Huo ndio uhusiano wa kikazi, na una heshima yake. Lakini uliwekwa juu ya mgongo wa mtu ambaye makosa yote yaliishia kwake, na juu ya ardhi ambayo waliopangishana haikuwa yao.

Hilo la ardhi lilikuja kusemwa na Mwalimu Nyerere tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya uhuru, bungeni. Alisema Tanganyika huru haitajiona imefungwa na upangaji ule wa milele, kwa kuwa aliyeutoa mwenyewe alikuwa na mamlaka ya muda tu juu ya nchi hii. Uingereza iliishika Tanganyika kwa udhamini, kwanza wa Ushirika wa Mataifa kisha wa Umoja wa Mataifa. Mdhamini ni mlinzi wa mali ya yatima, atatoaje milele kitu ambacho siku moja lazima akirudishe? Nampenda Mwalimu katika hoja hii kwa sababu hakuwafungia majirani njia. Mzigo wa Burundi, Rwanda na Kongo unaendelea kupita Dar es Salaam na Kigoma hadi leo. Alichokataa ni wao kupitishwa kwa mkataba ambao mwenye nyumba hakuwepo ulipoandikwa.

Mchana tulikula migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo. Jioni tulipanda kuelekea Mwanga, kijana akiwa kimya. Aliponiuliza swali, lilikuwa hili: "Shangazi, yule karani wa Kibelgiji na yule wa huku, walikuwa wanasalimiana kwa lugha gani?"

Sijapata kuulizwa hivyo, na nilifurahi kuulizwa.

Jumatano, Ujiji

Watalii huja Ujiji kwa ajili ya Livingstone na Stanley. Sisi tumekuja kwa ajili ya kikao cha Hoskins na Huyghé, ambacho sidhani kina kibao. Tukatembea barabara ya miembe hadi mwaloni, tukakaa tukitazama mafundi wakiziba mashua kwa pamba na mawese.

Hapo ndipo nilipomsimulia kisa changu, ambacho sijakisimulia mara nyingi.

Mwaka mmoja kipindupindu kilizuka katika vijiji vya upande wetu wa mpaka. Nilikuwa na taarifa mezani, na nilijua kwamba soko la Jumatatu watu wa pande zote mbili watachanganyika. Nilimfahamu mwenzangu wa upande wa pili, nilikuwa na namba yake ya simu. Lakini mkubwa wangu wa wakati huo alisema taarifa ya ugonjwa ni jambo la nchi na nchi, iandikwe barua, ipande ngazi hadi juu, ivuke, kisha iteremke. Nikaandika. Barua ikapanda. Soko likafanyika. Wiki iliyofuata mwenzangu alinipigia, na hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Dada, wewe ulijua lini?" Nilijibu ukweli. Tangu siku ile kila tulipokutana kikaoni alinipa mkono, lakini hakuwahi tena kuniita dada.

Sheria ilikuwa upande wa mkubwa wangu, na bado naamini mawasiliano rasmi yana sababu zake. Lakini ningeweza kupiga simu na kuandika barua, vyote viwili, siku ile ile. Hilo ni langu.

Wakoloni nao walipambana na hayo. Malale ilikuwa inasambaa Uha katika miaka ya 1930, na Waingereza waliwahamisha watu kwa nguvu kuwaweka pamoja mbali na mbung'o. Mbung'o hakujua mstari wa Milner na Orts. Na Warundi walivuka kila mwaka, wakikimbia kodi na kazi za shuruti za Mbelgiji, wakaja kutafuta ujira huku na Uganda. Kwa bwana mkubwa wa Usumbura hao walikuwa watoro. Kwa bwana wa mashamba ya mkonge walikuwa mikono ya kazi. Jaribu kuandika barua ya adabu kati ya watu wawili wanaomwona mtu mmoja kwa namna mbili hizo, na yeye mwenyewe anataka tu kumpelekea mama yake nguo.

Tulipokuwa tunaondoka mashua ya shehena ilikuwa inaondoka kwenda Kongo, watu wamekaa juu ya viroba. Nikaikumbuka meli ya Liemba. Mjerumani aliiunganisha hapa Kigoma na kuishusha majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen, akaizamisha mwenyewe 1916 isichukuliwe, Mbelgiji akajaribu kuiinua, Mwingereza akaiinua 1924, ikaanza kusafiri tena 1927. Na mwezi Mei 2015 ndiyo iliyowatoa wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, kijiji kilichobanwa na mlima na maji, kuwaleta Kigoma, kipindupindu kikiwa kati yao. Siku zile simu zilipigwa kwanza, barua zikafuata.

Alhamisi

Mvua kutwa. Kijana amepiga pasi mashati mawili na kusoma ramani ya wilaya.

Ijumaa, Manyovu

Barabara inapanda milima ya Buhigwe ikijipinda, migomba pande zote, baridi ukifungua dirisha. Manyovu ni ya juu, na upande wa pili ni Mugina. Watu wanapita na baiskeli zenye mikungu ya ndizi. Lugha hazibadiliki ghafla hapa. Kiha kinaingia ndani ya Kirundi kama vile rangi mbili za kanga zinavyoingiana baada ya kufuliwa sana.

Mstari wenyewe wa mpaka huu ulitembelewa na tume ya Wabelgiji na Waingereza miaka ya mwanzo ya 1920, ukawekwa kwenye itifaki ya 1924, na kuthibitishwa na mkataba wa London wa tarehe 22 Novemba 1934. Siku hiyo hiyo walisaini na makubaliano ya pili kuhusu maji ya mito ya mpakani, nani ayachepushe kiasi gani. Katika yote niliyosoma ya enzi ile, hilo la maji ndilo linanivutia, kwa kuwa linahusu kitu ambacho mkulima wa pande zote mbili anakiona kwa macho. Katika miaka ya karibuni nchi zetu mbili zimerudi kuimarisha alama za mpaka, safari hii waliokaa mezani ni Watanzania na Warundi.

Nilimwomba kijana asianze na ofisi. Tukaenda kwanza kwa mama mmoja anayeuza chai karibu na kizuizi, ambaye nimemjua tangu akiwa binti. Ndugu zake wako Mugina, mume wake wa huku. Alinikumbatia, akamtazama kijana kutoka kichwani hadi viatuni.

"Huyu ndiye mpya?"

"Ndiye, mwanangu, wa kaka."

"Amahoro," akamsalimia. Kijana akaitikia vizuri, alikuwa amejifunza. Yule mama akaita mtu ng'ambo ya barabara, bwana wa makamo aliyevaa koti la mvua la kijani, afisa wa upande wa Burundi aliyekuja kunywa chai kama anavyokuja kila Ijumaa. Hawakuwa na ajenda. Walizungumza habari ya mvua, wakazungumza daraja dogo la miti lililobebwa na maji wiki iliyopita ambalo watoto wa shule wa pande zote mbili hulitumia. Bwana yule akasema upande wao wana mbao. Kijana akasema hajui upande wetu una nini, ataenda kuuliza leo leo.

Mimi nilikaa mwisho wa benchi. Sikuwa na kalamu.

Wakaandikiana namba. Kabla hatujanyanyuka yule mama wa chai akasema ataijaribu namba ya kijana aone kama inapatikana, maana mitandao ya hapa huchanganyika, wakati mwingine simu ya Tanzania inashika mnara wa Burundi. Akapiga. Simu ikaita mfukoni mwa kijana, na bwana wa koti la kijani akaisikiliza ikiita hadi mwisho, kisha akasema, "Haya. Inaita."